Ndege Ninayoipenda Iliangusha Mabomu Nyandarua

Kila mtu na ugonjwa wake. Nina rafiki anayeumwa na Subaru, huyo hulala akiota egzosti. Nina binamu wa Arsenal, naye tumeshamwachia Mungu. Mimi naumwa na ndege za vita za zamani. Simaanishi jeti. Namaanisha zile za pangaboi puani, za bati lililopigwa ribiti moja moja, zilizostaafu kabla babangu hajazaliwa.

Nairobi si mahali rahisi pa kuugulia ugonjwa huu. Ukisema unapenda ndege, watu hudhani unataka kuwa rubani, ama unatafuta njia ya kwenda majuu. Ukieleza kwamba la, unapenda tu kujua ndege fulani iliundwa mwaka gani, ilihudumu kikosi gani na mabaki yake yako wapi, wanakuangalia vile mtu huangaliwa akisema anakusanya vizibo vya soda.

Ninayoipenda kuliko zote inaitwa Harvard. Wamarekani walioiunda huiita Texan, ama T-6. Waingereza na makoloni yao ndio waliiita Harvard. Ziliundwa zaidi ya 15,000. Haikuwa ndege ya kupigana. Ilikuwa mwalimu. Ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, mwanafunzi mbele na mwalimu nyuma akimpigia kelele. Maelfu ya marubani wa vita vya pili vya dunia walipitia humo kabla ya kukabidhiwa Spitfire ama Mustang. Ina gurudumu dogo mkiani, kwa hivyo ukitua kwa uzembe inakuzungusha kiwanjani kama pia. Waliojifunza nayo husema hivi: ukiiweza Harvard, hakuna ndege itakayokutisha.

Lakini mimi sikuvutwa na hayo. Nilivutwa na sauti.

Hebu itafute usikie. Ikiruka, Harvard hailii kama ndege nyingine. Inararua. Ni kama mtu anapasua shuka kubwa la turubai kutoka upande mmoja wa mbingu hadi mwingine. Kwa muda mrefu nilidhani ni injini, hadi mzee mmoja fundi pale Wilson, anayetengeneza Cessna na ambaye hunivumilia nikimtembelea, akanisahihisha. "Kijana, hiyo si injini. Ni pangaboi." Akachukua kipande cha chaki, akapiga hesabu sakafuni. Pangaboi la Harvard lina upana wa futi 9, na limefungwa moja kwa moja kwenye injini bila gia ya kulipunguzia kasi. Injini ikizunguka mara 2,250 kwa dakika, pangaboi nalo linazunguka mara hizo hizo. Ncha zake zinakata hewa kwa zaidi ya mita 320 kwa sekunde, na hapo ndege yenyewe bado hujaihesabia mwendo wake wa mbele. Yaani ncha zinakaribia kasi ya sauti, pengine zinaifikia. Kile unachosikia ni hewa ikikataa.

Mzee huyo alinifundisha pia kwa nini injini za aina hiyo huzungushwa kwa mkono kabla ya kuwashwa. Silinda zake tisa zimepangwa kwa mviringo kama petali za alizeti. Ndege ikilala, oili hushuka ikajaa kwenye silinda za chini. Ukiwasha hivyo hivyo, pistoni inagonga oili isiyokubali kubanwa, na kitu lazima kivunjike. Kwa hivyo asubuhi unaishika pangaboi, unaisukuma polepole, unasikiliza kwa mikono. Mimi hayo ndiyo mapenzi. Nilirudi nyumbani nikatafuta kila kitu kuhusu injini hiyo. Jina lake ni R-1340, namba ikiwa ni ukubwa wa silinda zake kwa inchi za ujazo.

Nikaandika kwenye simu: Harvard 1340.

Natafuta injini, naletewa Nyeri.

Kumbe kulikuwa na kikosi kidogo cha jeshi la anga la Uingereza kilichoitwa Flight 1340. Namba ile ile, kwa sadfa tu. Vikosi vidogo vilikuwa vikipewa namba za aina hiyo na hakuna aliyekuwa akifikiria injini. Kiliundwa Machi 1953 huko Thornhill, karibu na Gwelo katika Rhodesia ya Kusini, mji ambao leo ni Gweru, Zimbabwe. Huko Waingereza walikuwa na shule za urubani, na shuleni Harvard zilikuwa tele. Wakachukua chache, wakazifunga bunduki moja ya rashasha na vishikio vya mabomu madogo manane chini ya mabawa, kila bomu la ratili 20 hivi, yaani kilo 9. Halafu wakazileta Kenya. Hazikukaa sana kabla ya kuwekwa Mweiga.

Kama hujui Mweiga, ni mji mdogo kwenye barabara ya kutoka Nyeri kwenda Nyahururu. Makao makuu ya mbuga ya Aberdare yako hapo. Kiwanja kidogo cha ndege bado kipo, na watalii hutua wakienda kuangalia tembo. Shosho yangu alizaliwa karibu na hapo.

Nieleze kidogo hali ilivyokuwa, maana shuleni tulifundishwa kwa haraka, tarehe na majina basi. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952. Wapiganaji wa Mau Mau wakaingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Serikali ikatangaza misitu hiyo kuwa maeneo marufuku: Mwafrika yeyote akionekana ndani angeweza kupigwa risasi bila kuulizwa jina. Pembeni mwa msitu likaachwa eneo tupu la upana wa maili moja. Huko ndani ndiko ndege ziliruhusiwa kuangusha mabomu zitakavyo. Wapiganaji hawakuwa na ndege hata moja. Hawakuwa na mzinga wa kutungulia ndege. Walikuwa na bunduki za kujiundia, kwa vipande vya mabomba ya maji na makomeo ya milango, nyingine zikimlipukia mwenyewe.

Sasa fikiria. Kwa nini ulete ndege ya mafunzo vitani? Kwa sababu vita vyenyewe havina mtu wa kukurushia kitu. Ndege ya zamani ya mwendo wa pole, ya bei ya chini, inayokula mafuta kidogo na kutua kwenye nyasi, ndiyo inayofaa hasa ukiwa unapiga watu wasioweza kukujibu. Na si Kenya tu. Wafaransa walizitumia T-6 Algeria. Wareno wakazipeleka Angola, Guinea na Msumbiji. Mwalimu mpole aliyefundisha marubani wa kumshinda Hitler alikuja kuzeekea kazi hiyo, koloni baada ya koloni. Vitabu vya wapenzi wa ndege, na nimevisoma vingi kuliko nitakavyomkubalia mama yangu, huwa na kurasa nyingi kuhusu mafunzo, rangi ya manjano, mashindano ya mwendo kasi. Kenya hupata sentensi moja. Wakati mwingine nusu, baada ya koma.

Novemba 1953 zikaja kubwa. Avro Lincoln, mdogo wake Lancaster, injini nne za Merlin, uwezo wa kubeba zaidi ya tani 6 za mabomu. Zilikuwa zimebuniwa kwa ajili ya kuipiga Japani, lakini zilipokuwa tayari vita vilikuwa vimeisha. Zikawa ndege bila vita, hadi zikatafutiwa: kwanza Malaya, kisha sisi. Vikosi vilipokezana kutoka Uingereza, zikiwa na makao Eastleigh. Ndiyo, Eastleigh hii, ya mitumba na pilau. Zilipaa na mabomu ya ratili 500 na ratili 1,000, yaani karibu kilo 230 na kilo 450, zikayamwaga juu ya miti. Mara nyingi ndege ndogo ndizo zilitangulia kuonyesha shabaha.

Je, zilifanikiwa? Inategemea unamuuliza nani, lakini fikiria mahali penyewe. Nimepanda Nyandarua mara mbili. Kule juu kuna mianzi iliyosongamana hadi mchana unakuwa jioni, na ardhi ni laini kama keki iliyolowa chai. Bomu likizama kwenye udongo wa namna hiyo, mlipuko mwingi unaishia chini. Adhuhuri mawingu yanashuka na huoni hata mkono wako, seuze mtu aliyevaa ngozi akiwa amelala kwenye mizizi. Walioumia bila shaka ni wanyama. Tembo na faru walikutwa na majeraha, na walinzi wa mbuga wakalalamika, maana mnyama aliyejeruhiwa hashambulii kwa kuchagua. Halafu angalia mwisho wake. Flight 1340 ilivunjwa Septemba 1955, na Lincoln zilikuwa zimeshaondoka. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 21, 1956, mwaka mmoja baadaye, ukingoni mwa msitu, kwa risasi ya polisi wa kienyeji aliyekuwa kwa miguu.

Hayo yote niliyasoma kwa usiku mmoja, na wiki hiyo nikaenda ushago.

Nilipewa jina la guka, kwa hivyo shosho huniita mume wangu, na hunikaripia kama mume hasa: nimekonda, nimechelewa, unga umeisha. Alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe. Sikuwa nimepanga kumuuliza. Niliitoa simu nikawa namwonyesha binamu yangu video ya Harvard ikipaa Afrika Kusini, ambako zilihudumu jeshini hadi 1995 na bado kuna wanaozirusha. Sauti ilikuwa juu.

"Mume wangu, hiyo ni nini inalia hivyo?"

"Ni ndege, shosho. Ya zamani."

"Najua ni ndege. Nakuuliza kama ni ile."

Sikujua niseme nini, kwa hivyo nikamsogezea simu. Macho yake hayaoni sana siku hizi. Hakuiangalia hata. Alisikiliza hadi mwisho, akaniambia niirudie, nikairudia.

Alikuwa na miaka tisa. Alisema zilitoka asubuhi, kabla mawingu hayajashuka, na watoto wote walikimbia kuziangalia. Walizihesabu zikienda, halafu wakazingoja wazihesabu zikirudi. Ulikuwa mchezo. Anayekosea hesabu anachota maji zamu ya mwenzake. Kwa desturi zetu mtu hahesabu watoto wake wala mbuzi wake, unaita mkosi, lakini hakuna mzee aliyewahi kufikiria kuweka mwiko wa kuhesabu ndege. Siku moja mamake akamkuta juu ya kichuguu, kidole kikiwa angani, akampiga kofi moja akaanguka chini. Hakumwambia kosa. Alimuuliza tu, "Unamhesabia nani?"

Kakake mkubwa alikuwa msituni.

Nikamuuliza kuhusu zile kubwa. Alisema hizo hawakuziona, zilikuwa juu ya mawingu. Walizijua kwa sufuria. Sufuria zilianza kutetemeka zikiwa zimeangikwa, halafu ndipo kishindo kikaja kutoka mlimani, kimoja, kingine, kingine, kama mtu anayeteremsha magunia ya viazi kutoka kwa lori. Wakati huo walikuwa wameshahamishwa kwenye kijiji cha dharura, kile cha handaki na miti iliyochongwa ncha. Zaidi ya watu milioni moja waliishi katika vijiji hivyo kuanzia 1954. Kulikuwa na ndege nyingine pia, alisema, ndogo, iliyozungumza. Hapa nilidhani umri unamchezea, lakini nilipotafuta baadaye nikakuta ni kweli: walifunga vipaza sauti kwenye ndege, zikawa zinapita juu ya msitu zikiwaambia wapiganaji watoke wakiwa na majani mabichi mkononi. Shosho anakumbuka kwamba Kikuyu chake kilikuwa kibaya.

"Na zile za kulia," nikamuuliza, "zilikuwa nzuri?"

Akaendelea na maharagwe kwa muda. "Ziling'aa," akasema. "Mtoto anajua nini?"

Kakake hakurudi. Kama ni bomu, risasi, baridi ama njaa, hakuna aliyewahi kuja kuwaambia. Hakuna kaburi. Mwaka wa 2013, serikali ya Uingereza ilipokubali kuwalipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9, ilikuwa kwa mateso ya kizuizini. Kwa hayo mtu alikuwa na makovu ya kuonyesha na jina la kambi. Aliyefia chini ya mianzi hana wakili.

Nimejaribu kuacha ugonjwa huu. Nilidumu kama wiki tatu. Kila Harvard niliyoiona ilikuwa na kofi ndani yake. Lakini ukweli ni kwamba sauti ile bado inanisimamisha nywele, na sidhani nywele zinajua siasa. Kiswahili chenyewe kimetuwekea neno moja, ndege, kwa nyuni, kwa chombo, na kwa bahati: watu wa pwani husema fulani ana ndege mwema ama ana ndege mbaya. Kwa hivyo nimeamua kutochagua. Ninachokataa ni kuipenda kwa nusu ya habari zake. Mpenzi wa ndege wa kweli huuliza: iliundwa wapi, namba yake ni gani, ilipata ajali lini, nani alikuwa rubani. Sisi hukesha kwa maswali kama hayo. Basi swali la nani alikuwa chini liwe kwenye orodha hiyo hiyo, na liulizwe kwa ushabiki ule ule, wa kutaka tarehe na mahali.

Lincoln ziko chache mno duniani. Moja imehifadhiwa Cosford, Uingereza, katika jumba la makumbusho la jeshi lao la anga. Mbili ziko Argentina. Nina ndoto ya kufika Cosford, na najua nikifika nitaizunguka mara kumi nikipiga picha za ribiti. Nataka pia kusoma kibao chake chote, polepole, nione kama neno Kenya limo na limepewa nafasi gani.

Kwa sasa nina Juja Road. Ukiwa kwenye matatu unaelekea Mathare, kuna ukuta mrefu upande mmoja, na nyuma yake ndiyo barabara ya ndege iliyotumiwa na Lincoln. Baada ya uhuru kambi ikawa ya jeshi letu la anga, lililoanzishwa Juni 1, 1964. Usijaribu kupiga picha hapo. Wewe angalia tu kama mtu anayewaza mambo ya kodi. Nikipita hapo pia huwa nakumbuka Agosti 1, 1982. Wanajeshi wa anga waliotaka kupindua serikali waliwalazimisha marubani huko Nanyuki kupaa na F-5 zenye mabomu waje wapige Nairobi. Kama ilivyosimuliwa baadaye, marubani hao walikwepa amri wakayaangusha msituni, Mlima Kenya. Wanasifiwa kwa hilo, na ni haki yao. Wengi wetu tuna wazazi walio hai kwa sababu yao. Ila najiuliza kwa nini ukiwa na bomu katika nchi hii na hujui pa kuliweka, msitu ule ndio huja akilini kwanza.

Mezani kwangu kuna Harvard ya plastiki, kipimo cha 1 kwa 72, nimeiagiza kwa miezi miwili na ushuru wake karibu unifanye niiache. Sanduku lina picha ya ndege ya manjano juu ya shamba la kijani la Uingereza. Ndani kuna vipande vya mabawa, magurudumu, mwanafunzi na mwalimu wake. Mabomu hakuna, kwa sababu hiyo ni ndege ya mafunzo. Ninayachonga mwenyewe kutoka kwa vijiti vya kushikia vipande. Kwa kipimo hicho kila moja ni dogo kuliko punje ya mtama, na ukipumua vibaya linaruka likapotelea kwenye zulia. Nimeshamaliza sita. Shosho ameniuliza kwa simu kama nitaipaka rangi ya kung'aa.

"Ndiyo, shosho."

"Na uilete niishike."